Mwalimu wa Ulijuaje

Redio ya kwanza kuingia kijijini kwetu, kule Newala, aliileta karani wa ghala la korosho. Jioni aliiweka juu ya kiti barazani kwake, na kijiji kizima kikakaa chini kuitazama, maana sie tulidhani redio inatazamwa. Bibi yangu mzaa mama alikuja kajifunga kaniki kiunoni tu, kama wanawake wa umri wake walivyozoea. Mwanamume wa redioni akasema, "Hamjambo, wasikilizaji." Bibi akaruka kama kakanyaga kaa la moto, akakimbilia ndani, akarudi kajitanda kanga mpaka kichwani, akaketi kiupandeupande. "Hatujambo, baba," akajibu. Tangu hapo hakukaa tena mbele ya redio kanyoosha miguu. Karani alimwelewesha mpaka akachoka. Siku moja alipokuwa anabadilisha betri akamwita, "Bibi, njoo uchungulie mwenyewe. Humu mna mtu?" Bibi akachungulia kwa makini, akageuza shingo huku na huku, akasema, "Basi leo katoka."

Nimeisimulia hadithi hiyo hapa Mbagala kwa kila mtu aliyewahi kukaa kwenye gogo langu la kuchongea, na wote wanacheka palepale. Mmoja tu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na kwa kufanya hivyo akaichafua zaidi, kisha akaniuliza, "Ile aibu ya bibi yako, ilikuwa ya kweli au ya uongo?"

Nikasema ya kweli, mbona mwanamke alitokwa na jasho.

"Na huyo mwanamume aliyekuwa akimwona?"

"Hayupo. Hakuwahi kuwapo."

"Umeona sasa? Mtu hayupo, jasho lipo. Nimefundisha jambo hilo chuoni mpaka nikastaafu, na wanafunzi wangu wakasinzia."

Huyo ndiye Mwalimu. Jina lake nalijua, sitaliandika, kwa sababu mtaani hakuna aliyelitumia. Kwao wapi na kwa nani sikumwuliza. Lafudhi yake ilitosha kusema ni mtu wa bara. Alifundisha saikolojia kwenye chuo cha walimu, akastaafu, akaja kupanga chumba kinachotazamana na changu, ua mmoja, choo kimoja. Alikuja na kitanda, jiko la mafuta ya taa, na viatu vya kuvaa ofisini ambavyo hakuwa na ofisi ya kuendea.

Mie shule niliiacha nikiwa na darasa la kuhesabia kwa vidole, kwa hiyo nitaisema saikolojia yake kama nilivyoipokea, na kama nimekosea basi kosa ni la sikio langu. Alisema wenye elimu hiyo wanabishana sana. Wako wanaomtazama mtu kwa nje tu, anafanya nini, kama mfugaji anavyotazama kuku. Wako wanaochimba utoto wako mpaka kunyonya. Yeye alikuwa upande wa wale wanaouliza: jambo limetokea, moyo umeumia, je, katikati pamepita nini? Pamepita wazo. Na wazo hilo, alisema, lina mwendo wa panya. Unaona mkia tu, nyumba nzima inapiga kelele, panya mwenyewe hukumwona.

Kwa hiyo alikuwaga na swali moja, analitupa kwa kila mtu. "Ulijuaje?" Mama Zawadi, jirani yetu mpika vitumbua, alikuja siku moja analia kuwa mwanamke wa nyumba ya nyuma kamchukia, anamsalimia haitikii, na si bure, kuna kitu kafukia. Mwalimu akamwuliza, "Ulijuaje?"

"Hanijibu, Mwalimu! Nampitia ubavuni, namwambia habari za asubuhi, kimya kama ukuta!"

"Ubavu gani?"

"Mambo ya ubavu yanaingiaje? Wa kushoto."

"Kesho mpitie kulia."

Akampitia kulia. Akaitikiwa vizuri kabisa, na akaulizwa mbona siku hizi anaringa, hasalimii. Kumbe yule mwanamke sikio la kushoto lilikufa tangu alipougua homa. Mama Zawadi alirudi anacheka mpaka kashika nguzo. Watoto nao wakalidaka swali. Mwalimu akipita kwenda dukani wanamfuata, "Ulijuajeee!" Naye anageuka, anawaonyesha kidole kwa hasira za uongo.

Msidhani alikuwa mtume. Kulikuwa na dada mmoja mpangaji, mshonaji, aliyekuwa halali kwa hofu kuwa mwenye nyumba atamtoa. Mwalimu akamkalisha, akamwuliza ushahidi uko wapi, wakaupima pamoja, wakauona mdogo. Dada akalala usingizi. Wiki haijaisha mwenye nyumba akamtoa, chumba akampa mpwa wake. Tulimsaidia kubeba cherehani mpaka getini. Mwalimu alikaa mlangoni kwake, chai imepoa mkononi, akasema polepole, "Kuna mawazo mabaya ambayo ni ya kweli. Hilo nalo nilikuwa nalifundisha. Nililisahau kwa sababu nilitaka kumfurahisha."

Na alimwogopa mjusi. Mtu mzima, mwenye shahada! Mjusi akitokea darini anapanda juu ya kiti. Nikamwuliza, "Mwalimu, ulijuaje kama atakuangukia?" Akanijibu toka juu ya kiti, "Huyu namfahamu!"

Lakini si kila siku alikubali kutaniwa hivyo. Jumapili simu yake ilikuwa inaita, jina la mwanawe linawaka, naye anaigeuza kifudifudi juu ya meza mpaka inyamaze. Nikasema, "Pokea, labda ni heri." Akasema, "Ananitafuta anisimange." Nikajifanya mjanja, nikamwuliza lile swali lake. Uso ukabadilika. "Wewe chonga vinyago vyako," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikajua kuwa na yeye ana mahali pake pa kufungiwa.

Maana hapa sasa lazima niseme la kwangu, au hamtamwelewa. Mie nilikuwa mfungwa. Hakuna aliyenifunga.

Ilianza mjini, ndani ya lifti. Nilipeleka meza niliyochonga kwenye ofisi ya ghorofani. Wakati wa kushuka umeme ukakatika. Tulikuwa mie na mama mmoja mwenye mfuko wa samaki wa kukaanga. Giza, joto, samaki. Yule mama alitulia, akaanza kuimba kwaya. Mie moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, kifua kikabana, nikasema leo nakata roho, nitazikwa nanuka samaki. Jenereta ikawaka, mlango ukafunguka, nikatambaa nje kama mtoto.

Ningelikuwa nimeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini ule moyo ulinirudia sokoni Tandika, kwenye watu wengi, nikaacha kwenda Tandika. Ukanirudia kwenye mkeka wa msikiti, safu ya mbele, nikahamia safu ya nyuma karibu na mlango, kisha nje kwenye viatu, kisha nikawa nasali chumbani. Ukanirudia barabarani. Kila uliponishika mahali, mahali hapo nilipafuta. Dunia ikapungua kama sabuni. Mwisho nikabaki na ua, gogo langu, na geti. Geti lile la bati nililiona kama mdomo wa shimo. Hospitali walinipima moyo, daktari akasema mzima. Nilivunjika nguvu zaidi, kwa sababu kama si moyo, ni nini? Wakasema jini. Nikasomewa, nikanywa kombe, maandishi matakatifu yakapita kooni, nikapata utulivu wa siku chache, kisha geti likawa lilelile.

Na majirani zangu, Mungu awalipe, walikuwa wema. Kwetu huku mtu akiumwa hatumwachi. Mama Zawadi alininunulia mkate. Vijana waliniletea magogo ya mpingo mpaka uani. Shehe alikuja kunisalimu chumbani. Hata kinyozi alinifuata na mashine yake. Nilikuwa sikosi kitu. Mbwa aliyefungwa mnyororo akiletewa nyama kila siku, atapata lini sababu ya kuukata?

Siku moja Mwalimu aliwakalisha wote uani, akasema, "Kuanzia kesho, mtu asimnunulie mzee huyu mkate."

Mama Zawadi akasimama, mikono kiunoni. "Eti nini? Mgonjwa ale mawe?"

"Ale mkate. Duka lipo hapo kona."

"Akianguka njiani?"

"Ulijuaje kama ataanguka?"

"Toka hapa na ulijuaje yako! Nyie wasomi hamna huruma. Huko kwenu bara mnawaacha wazee wafe na njaa?"

"Mama Zawadi, kila mkate unaomletea unamwambia, kaa, huwezi. Wewe unasema kwa huruma, yeye anasikia hukumu."

Walitukanana kidogo, kwa adabu, na ushindi haukuwa wa mtu. Mama Zawadi aliendelea kuniletea kwa kificho, chini ya kanga, kama bangi. Nami nilipokea, nikala, huku naona haya.

Nisingelitoka mule, nawaambia kweli, kama si Somoe. Somoe ni mwanangu pekee, mama yake alifariki zamani, alikuwa anafanya kazi Morogoro. Akapiga simu, "Baba, nimepata mchumba. Ndoa itafungwa huku, kwa upande wa kina bwana harusi. Walii ni wewe."

Katika dini yetu baba ndiye anayemwoza binti. Anakaa mbele ya bwana harusi, mkono kwa mkono, anasema, nimekuozesha binti yangu. Akishindwa anaweza kumpa mtu mwingine uwakilishi, na mdogo wangu Saidi alinipigia haraka, "Kaka, usijitese. Niachie mie, nitamwoza, shehe anakubali." Nikashukuru. Nikaona mlango wa kupitia. Somoe aliposikia akasema, "Kama hutaki kuja sema hutaki, Baba. Baba mdogo hakunilea."

Nilimpelekea Mwalimu maneno hayo.

Akaniuliza, "Kabla moyo haujaanza mbio, unajiambia nini?"

"Sijiambii kitu. Unakuja wenyewe."

"Unajiambia. Panya yule. Tulia umtazame."

Nikafumba macho. Kisha nikasikia kinywa changu kinasema, "Najiambia moyo ukienda mbio utapasuka."

"Vizuri sana," akasema, na akavua viatu vya ofisini. "Simama. Turuke."

Wazee wawili tukaanza kurukaruka uani mchana kweupe. Jirani alikuwa kafungulia singeli kwa sauti kubwa, basi tukaonekana tunacheza. Watoto wakajaa getini. Mama Zawadi akaacha vitumbua viungue. "Jamani! Njooni muone, wazee wamepata wazimu, na mmoja ni wa serikali!"

Mwalimu, anahema, "Moyo unakwendaje?"

"Mbio! Mbio sana!"

"Umepasuka?"

"Bado!"

"Ongeza!"

Tuliruka mpaka tukashikana mabega. Nikakaa kwenye gogo, moyo unagonga kama ule wa kwenye lifti, uleule kabisa, na mie nimekaa nautazama unavyogonga, kisha unapungua, kisha umetulia. Sikufa. Nilikuwa nautii moyo huo miaka, na kumbe ulikuwa unapiga tu.

Kuanzia hapo tukawa tunatoka. Kwanza geti. Nilishika bati, nikasimama nje, nikarudi. Siku nyingine duka la kona, nikanunua mkate mwenyewe, muuza duka akaniamkia, "Shikamoo mzee, ulisafiri?" Nikasema nilisafiri. Mwalimu pembeni, mikono nyuma, ananikumbusha, "Sema wazo. Lipime. Usilifukuze, lipime." Tukafika msikitini, yeye Mkristo alinisubiri nje kwenye viatu. Tukafika Tandika. Siku moja tulienda mpaka Pugu, tukakaa ukingoni mwa msitu tunakula mihogo, nikaona kilima kikubwa kuliko macho yangu yaliyozoea ua, nikalia bila sababu.

Mtaa mzima ukasema mzee kapona. Mie nikasema nimepona. Saidi akaambiwa akae kando.

Kisha Mwalimu akapata homa. Alilala, nikamkanda, nikamchemshia uji. Ijumaa ikafika, nikavaa kanzu kwenda msikitini. Nikafika getini. Mkono kwenye bati. Na geti likawa lilelile, mdomo uleule wa shimo. Nilisimama pale mpaka adhana ikaisha. Nikarudi, nikakaa pembeni ya kitanda chake na kanzu yangu.

Alinitazama toka chini ya blanketi. "Hukwenda."

"Hukuwapo."

"Ukiwa na mie unajiambia nini?"

Nilijua jibu, na nilijua akilisikia litamwumiza. "Najiambia, Mwalimu yupo, siwezi kufa."

Nilimwona mtu anachungulia kazi yake mwenyewe na kuona ufa. "Kumbe," akasema, "mie ndiye mkate."

Hatukulizungumza tena. Alipona, tukaendelea kutembea, lakini akawa kimya zaidi, na simu ya Jumapili ikiita alikuwa haigeuzi kifudifudi. Anaitazama tu inavyowaka. Nilimwambia, "Tutakwenda wote Morogoro, utakaa nami." Akasema, "Tutapanda basi wote." Nikaridhika.

Tulikwenda stendi ya Mbezi Luis kwa bajaji asubuhi, mie na kanzu mpya ndani ya mfuko, yeye na begi ambalo kwa harusi ya siku moja nililiona kubwa. Njiani alikuwa ananitania, ananiuliza bwana harusi akiwa na sura mbaya nitamwoza au nitakimbia. Tukapanda basi. Akanipa kiti cha dirishani, yeye akakaa upande wa njia, begi kaliweka magotini, hakulipeleka kwenye buti. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza. Nikamwambia, "Umeanza." Akasema, "Najua. Uache." Akanigusa goti. Kisha akasimama, akasema, "Nashuka mara moja," na akashuka na begi lake.

Nikadhani maji. Nilimtazama kwa dirisha. Akawapita wauza maji. Akawapita wauza karanga. Akawa anaelekea upande wa mabasi ya mbali, yale ya kwenda bara, na hatembei kama mtu wa kurudi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na mwili mzima ukanyauka. Dereva aliwasha injini. Mlango wa basi ulikuwa bado wazi, hatua chache tu toka kiti changu. Ningeweza kushuka, kukimbia, kumshika mkono, na tungerudi Mbagala kwenye ua wetu, na Saidi angemwoza Somoe. Kondakta akaja, akagonga kiti kitupu. "Mzee, mwenzio vipi? Tunaondoka."

Nilimwoza Somoe, hilo niliseme wazi. Nilifika Morogoro nimelowa jasho mgongo mzima, nikashika mkono wa bwana harusi, mkono wangu ukitetemeka, shehe akadhani ni furaha. Furaha nayo ilikuwamo. Na niliporudi Mbagala nilikuta chumba kile kimefagiliwa, funguo kapewa Mama Zawadi, ambaye ananiuliza mpaka kesho kama tuligombana. Siwezi kumweleza. Wako wanaosema alirudi kwa mwanawe. Sijui. Napenda iwe hivyo, lakini kupenda si kujua.

Ninachokiona mimi kila nikikaa peke yangu ni pale stendi. Kondakta anasubiri jibu. Kifua kimebana, vidole vina ganzi, na wazo lile limekuja zima, sasa hivi unakufa. Dirisha lilikuwa wazi. Mwalimu alikuwa hajafika mbali; ningeita, angesikia. Nilivuta pumzi ya kuita. Kisha nikamwambia kondakta, "Huyo hasafiri na mimi. Twende."

Basi likaanza kurudi nyuma. Yeye akahamishia begi mkono wa pili, akaingia katikati ya watu, na hakurudi.